Meno ya bulo, maisha ya mchimbaji: tutengeneze freni na manivela mbele ya mvua

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama na batoto mu kartie, mara mingi sisi wa sendika tunawaandikia juu ya mshahara, juu ya kontra, juu ya vumbi na masini. Leo tunawaandikia juu ya kinga. Mutu asicheke. Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi, kila asubui mbele jua halijatoka, watu wanapanda kinga kwenda kushika posti. Wengine wanashuka na gunia la makala nyuma, wengine na mtoto wa masomo juu ya bomba la mbele. Kilima cha Likasi kinajua jina la kila freni mbaya.

Mvua iko karibu. Kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, barabara ya udongo mwekundu inakuwa sabuni. Ile freni ambayo wakati wa vumbi ilishika nusu, wakati wa mvua haishiki kitu. Njo maana tunaongea sasa, si mu mwezi wa pili wakati lopitali imekwisha kujaa.

Tunachagua magonjwa mawili tu, juu ndiyo tunayoona mingi, na ndiyo watu wanayotengeneza vibaya zaidi. La kwanza: meno ya mahali freni inafungiwa yamelika, bulo inazunguka bure. La pili: manivela inagonga kadre, ko-ko-ko, kila mara mguu unapozunguka.

Ugonjwa mmoja, kule na huku

Magonjwa haya si ya masikini peke yao. Mu Hispania, zaidi upande wa Katalonia, toka miaka ya 1970 kuna mchezo unaitwa trial. Mtu anapanda mawe, mapipa na kuta na kinga, bila kutia mguu chini. Mchezo huo una mashindano ya dunia chini ya UCI toka 1986. Mchezaji anasimama juu ya gurudumu la nyuma peke yake, limefungwa na freni kabisa, halafu anaruka. Mzigo wote wa mwili unapita ndani ya bulo ndogo zinazoshika freni, mingi ni za milimita 6 tu. Kwa sababu hiyo wachezaji wa trial wanajua sana meno yaliyolika na manivela inayogusa kadre.

Sisi hatuchezi. Lakini mwenye kushuka na makala kilo mingi nyuma anaomba freni yake kazi ile ile. Ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde moja inakupeleka zaidi ya metre 8. Hesabu mwenyewe sekunde ngapi unahitaji kama kamio ya madini inatokea mbele.

Juu ya nini meno yanalika

Kinga ya zamani ya chuma, ile ya freni za vyuma vinavyovuta kwa mkono, inavumilia mingi. Hizi za VTT, nyingi za okazio, zina kadre ya aluminiumu. Aluminiumu ni nyepesi lakini ni laini. Ukitia bulo ya chuma ndani yake, jino la chuma ndilo linalokula jino la aluminiumu, hata siku moja halitakuwa kinyume.

Sababu tunazoona ni tano.

Bulo fupi. Mtu amepoteza bulo yake, anatia yoyote. Inashika meno matatu, mane. Mu chuma, bulo inapaswa kuingia urefu sawa na unene wake: ya milimita 6 iingie milimita 6. Mu aluminiumu iingie mara moja na nusu mpaka mara mbili: milimita 9 mpaka 12. Chini ya hapo unajidanganya.

Kukaza kwa hasira. Bulo ya milimita 6 ya freni inaomba nguvu kidogo tu. Ukishika kle ku sentimita 10 kutoka kwa bulo, vuta sawa unainua kilo 6 au 7. Mtu anayetia bomba ku kle ili aongeze nguvu, huyo anavunja, hatengenezi.

Kuanzisha upande. Bulo imeingia kombo, mtu anasikia inakataa, anaisukuma na kle. Bulo inaanzishwa na vidole. Kama vidole vinakataa, toa, safisha, anza tena. Mafundi wazee wana akili moja: zungusha kwanza kinyume polepole, mpaka usikie kama jino linaanguka mahali pake, halafu ndipo uende mbele.

Kuchanganya inchi na milimita. Mu masanduku ya bulo za soko, bulo ya robo inchi na ya milimita 6 zinalala pamoja sawa ndugu. Ya robo inchi ina milimita 6.35, na meno yake hayalingani. Inaingia mizunguko miwili, halafu inakata kila kitu.

Udongo na kutu. Bulo iliyotiwa kavu mu aluminiumu inashikana na wakati. Siku unaitoa, inatoka na meno yote. Tone la grisi, kitu cha bure kabisa, linazuia hayo.

Mbele ya kutoboa, angalia

Usikimbie ku perseze. Kwanza safisha kitundu na petroli na kipande cha spoku. Halafu tia kijiti cha kiberiti ndani upime kitundu kinaenda mpaka wapi. Mara mingi tunakuta meno ya mbele ndiyo yamelika, ya ndani yako mazima, juu bulo ya kwanza ilikuwa fupi. Tafuta bulo ndefu zaidi, ipime na kijiti isifike chini kabisa, na kazi imekwisha. Hautalipa fundi hata franka moja.

Halafu angalia ni nini hasa kimelika. Mu freni za diski kuna aina mbili za kufunga. Ya kwanza, vitundu vya kadre havina meno. Bulo inapita tu, na meno yako mu kipande cha katikati ao mu etrie yenyewe. Hapo kadre haina ugonjwa. Badilisha kile kipande. Ya pili, meno yako mu kadre ao mu furshi yenyewe, na vitundu viwili viko mbali milimita 74. Hapo ndipo kuna kazi.

Mu freni za mikono miwili zinazobana janti, kila mkono unakaa juu ya kidole cha chuma, na bulo ya milimita 6 inaingia ndani ya kidole hicho. Angalia vizuri: vidole vingine vimesudiwa, lakini vingine vimefungwa na meno, na chini yake kuna mahali pa kushika kle. Kama ni vya kufungula, badilisha kidole kizima. Furshi nyingi mbovu zilizotupwa mu atelie bado ziko na vidole vizuri.

Njia tatu za kutengeneza

Njia ya kwanza ni ekru nyuma. Kama unaweza kuona upande mwingine wa kitundu, tia bulo ndefu ipite mpaka nje, na nyuma weka rondela na ekru yenye nailoni ndani, ile haifunguki na kutetemeka. Ni kazi ya dakika kumi, na ina nguvu.

Njia ya pili ni kukata meno makubwa zaidi. Kutoka milimita 6 kwenda 8, kitundu kinatobolewa na meshi ya 6.8, halafu taro ya 8. Lakini pima kwanza chuma kinachobaki pembeni. Kama ukuta utakuwa mwembamba, acha. Na angalia kama bulo ya 8 itapita mu etrie. Mara mingi haipiti.

Njia ya tatu ndiyo tunayopenda zaidi kwa aluminiumu: kutia meno mapya ya chuma. Ni uzi wa chuma kisichoshika kutu, umezungushwa sawa springi. Kitundu cha bulo ya milimita 6 kinatobolewa na meshi ya 6.3 hivi, kinakatwa na taro yake ya pekee, ile inayouzwa pamoja na nyuzi hizo, halafu springi inaingizwa na kifaa chake mpaka ishuke kidogo chini ya uso. Mkia wake mdogo unavunjwa na kutolewa. Bulo yako ya zamani, ya milimita 6, inarudi mahali pake, na sasa inashika chuma. Meno haya yana nguvu kuliko yale ya kiwandani. Wenye kutengeneza motere wanayajua. Kama fundi wa kinga hana, uliza fundi wa motere.

Kwa kazi ya taro, mambo mane hayana mjadala. Taro isimame wima. Weka kipande cha pembe karibu yake na macho yaangalie pande mbili. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vumbi la chuma livunjike. Mafuta: kwa chuma, mafuta ya motere; kwa aluminiumu, petroli ya taa ndiyo nzuri. Na kama sanduku lina taro tatu, anza na ile iliyochongoka, maliza na ile yenye meno kamili. Taro ikivunjika ndani, umepoteza kadre. Ni ngumu, meshi ya kawaida haiwezi kuitoboa.

Kuna dawa za uongo pia, tuziseme wazi. Kola ya mirija miwili si meno. Joto la freni na kutetemeka vitaifungua. Kipande cha kopo la bia kilichozungushwa ku bulo kinashika mpaka kilima cha kwanza. Na kusude: fundi mwenye poste ya kawaida na fimbo za chuma hawezi kusude aluminiumu. Hata yule mwenye masini ya kweli, moto wake unapunguza nguvu ya kadre pale pembeni. Hapana kusude mahali pa freni kwa kubahatisha.

Manivela inayogonga

Sasa ko-ko-ko. Watu wamoja wanakaa nayo miezi, wanasema "iko naimba tu". Haiimbi. Inakata bomba la kadre polepole, ao inakuambia kitu kimepinda.

Tafuta kwanza alama. Pale inapogusa, rangi imetoka, chuma kinangaa. Halafu shika manivela mbili kwa mikono na uzitikise kushoto na kuume. Kama zinacheza pamoja, rulema za pedalie zimekwisha. Kama moja tu inacheza, ile imelegea ku aksi.

Kama hakuna kinachocheza, pima. Simamisha manivela ya kuume sambamba na bomba la kiti, pima nafasi kati ya ncha yake na bomba. Fanya vile vile kwa ile ya kushoto. Mu kinga nyingi, namba mbili zinakaribiana. Kama upande mmoja una nafasi ndogo sana, manivela ile imepinda ao imeingia ndani kuliko inavyopaswa.

Iliyopinda: ya chuma inaweza kurudishwa mara moja, polepole, na bomba refu. Ya aluminiumu, hapana. Itarudi mbele ya macho yako na itavunjika chini ya mguu wako, na siku hiyo utakuwa umesimama juu ya pedali.

Iliyoingia ndani: manivela ya tundu la pembe ine inapanda juu ya aksi iliyochongoka. Kila mara mtu anakaza zaidi ya kipimo, inapanda zaidi, inakaribia kadre. Mwisho, ncha ya aksi inafika ku kichwa cha bulo. Hapo unakaza aksi, haukazi tena manivela, na itakuwa ikilegea kila juma. Manivela hiyo imekufa. Nunua ingine. Ile ya okazio ni sawa, lakini angalia tundu lake: pembe ziwe kali, zisiwe za mviringo. Kipimo cha kukaza: bido ya maji ya litre 20 imetundikwa ku kle, sentimita 20 kutoka kwa bulo. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Kama manivela ni nzima na bado inagusa, aksi ni fupi kwa kadre hiyo. Aksi zinauzwa kwa urefu: 110, 113, 118, 122 na nusu. Ukiongeza milimita 5, kila upande unapata karibu milimita 2 na nusu. Sisi tunapenda kuona milimita 4 ao 5 kati ya manivela na kadre, juu kadre inajikunja kidogo wakati unasukuma na mzigo. Kumbuka tu: kikombe cha pedalie upande wa cheni, mu kinga nyingi, kinafungulwa kinyume, sawa unakaza. Pedali ya kushoto nayo vile vile. Wangapi wamevunja kikombe juu ya kusahau hilo!

Kwa kinga za wazee zenye klavete, angalia klavete mbele ya yote. Ikilika, manivela inaruka. Weka mpya zote mbili siku moja, moja ekru yake juu, ingine ekru chini, la sivyo pedali mbili hazitakuwa sambamba.

Usitie tupa ku bomba la kadre ili kupata nafasi. Bomba hilo ndilo linakubeba.

Pale magonjwa mawili yanakutana

Hapa tuwaombe wasomaji wasimame kidogo. Mtu ametengeneza freni vizuri na ekru nyuma, njia ya kwanza. Anafurahi, anapanda, na mu kona ya kwanza anasikia ko-ko-ko ambayo jana haikuwako. Ni ekru yake mpya: imetoka nje milimita 8, na manivela inaigonga, ao spoku, ao kisigino. Zaidi mu zile kinga ambazo freni ya nyuma iko chini, karibu na pedalie.

Dawa ni kugeuza: kichwa cha bulo, chembamba, kikae upande wa manivela, na ekru upande wenye nafasi. Ao kata ncha ya bulo inayozidi, uache meno mawili tu mbele ya ekru. Na mbele ya kupanda, zungusha manivela mzunguko mzima na mkono, halafu gurudumu mzunguko mzima, macho yakiwa karibu. Halafu bana freni na nguvu zako zote, kinga ikiwa imesimama, na uisukume mbele mara kumi. Kama bulo itatoka, itoke pale nyumbani.

Barabara ya kazi ni kazi

Tulikuwa na mwenzetu mmoja wa posti ya usiku, mtu wa kampuni ndogo ya kukodisha watu. Freni yake ya mbele ilingoka mu mteremko, akavunja bega. Kampuni ikamwambia: "Ulikuwa haujafika, si mambo yetu." Maneno hayo si ya kweli mbele ya sheria. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ile ya usalama wa jamii, inahesabu aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, sawa aksida ya kazi, kama mfanyakazi hakugeuza njia kwa mambo yake ya pekee. CNSS iko kwa ajili ya hayo pia.

Basi, aksida ikitokea: julisha shefu siku ile ile, kwa maandishi kama inawezekana. Andika saa na mahali. Chukua majina ya walioona. Lopitali itoe karatasi. Halafu njoo kwa delege wa sendika. Mama wa nyumbani ajue hayo pia, juu mwenye kuvunjika hawezi kukimbilia biro. Na ninyi wa kontra ndogo, ulizeni sasa, mungali wazima, kama patro anawaandikisha ku CNSS. Asiyeandikishwa, haki yake inakuwa ndefu na chungu. Wandugu wachimbaji wa mikono hawana hata patro wa kumuuliza. Kwao freni ndiyo asiransi ya kwanza.

Tunaomba pia kitu kidogo kwa wenye kampuni. Pale ku mlango, mahali kinga zinalala wakati wa posti, waweke meza moja, pompi, kle za milimita 4, 5, 6 na 8, kopo la grisi na sanduku la bulo za milimita 6 za urefu mbalimbali. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya mtu mmoja mu lopitali. Mahali hawataki, wandugu wa posti moja wachange, kila mtu kidogo, wanunue taro moja na kle zake. Sanduku moja linatosha kartie nzima, kama mwenye kulitunza anajulikana.

Kwa jumapili hii, fanyeni mambo matano, na batoto wasaidie, mikono yao midogo inaingia vizuri. Shika kila bulo ya freni, uone kama inazunguka bure. Angalia patini, zisilike mpaka chuma. Tikisa manivela. Tafuta alama inayongaa ku kadre. Bana freni mbili, sukuma mara kumi. Robo saa tu. Ukikuta bulo moja inazunguka bure, kinga ilale nyumbani jumatatu, uende na miguu, uchelewe kama ni lazima. Kuchelewa tutakuja kukuongelea ku biro.